Mlango Ambao Dada Hakutaka Tuuvunje

Dadangu alikuwa amemaliza eda zamani, lakini mlango wake ulikuwa bado umefungwa mchana kutwa. Watu wa Amu, kisiwani kwetu Lamu, wataelewa hilo ni jambo gani. Katika nyumba zetu hizi za mawe mlango wa mbele hufunguliwa asubuhi ukabaki wazi hadi magharibi, na mwenye haja hufika daka, yaani kile kibaraza cha mawe kilicho nje ya mlango, akabisha hodi akangoja. Mlango ukifungwa mchana, ama wenyewe wamesafiri ama kuna jambo. Dadangu hakuwa amesafiri popote.

Ni binti wa khalati yangu, dada ya mama, mkubwa kwangu kidogo, lakini tumelelewa na nyanya mmoja katika chumba kimoja, na ukiniuliza nitakwambia ni dada tu. Mumewe alifariki ghafla. Akakaa eda yake kama inavyotakiwa, na ilipokwisha tukampelekea leso mpya na udi, tukamfukizia nyumba tukidhani sasa atatoka. Tulipoondoka akatia komeo nyuma yetu, na tangu hapo hakumfungulia mtu. Chakula jirani alimpitishia juu ya ukuta wa dari, kule juu ya nyumba wanakopakana. Huyo jirani ndiye aliyeniambia kwamba sahani zinarudi zimeguswa pembeni tu, na kwamba dadangu anakonda.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilikwenda pale kila siku, nikabisha hodi, nikanyamaza, nikabisha tena. Ya tatu ikipita kimya nikageuka nikarudi nyumbani huku nikifyonza njia nzima. Mume wangu akaniambia, "Si umwite fundi aje aling'oe hilo komeo?" Nikamwambia aniwachie dadangu. Nilikuwa naogopa, wallahi, naogopa kwamba atazimika mle ndani polepole na sisi tuko nje tunabisha. Lakini ukimvunjia dadangu mlango hatakusamehe hadi kiyama, na hilo silidhani, nalijua. Nalijua kwa sababu ya mchezo.

Mchezo ulitufikia kwa mjomba wetu, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba moja ya wageni kule Shela. Mgeni aliondoka akasahau boksi chini ya kitanda, hakuliulizia tena, na mwenye nyumba akamwambia mjomba alichukue. Akatuletea sisi akidhani ni karata. Ndani mlikuwa na vijitabu vya Kiingereza, ramani ya jumba lililofukiwa chini ya kilima cha mchanga, na dadu ambazo hatujawahi kuona mfano wake: za pande nne, za pande nane, na moja ya pande ishirini iliyokuwa inabingirika haitaki kusimama.

Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha wenzangu, basi ikawa mimi ndiye msomaji. Ilinichukua muda kufahamu kwamba hapakuwa na ubao wa kusogezea kete wala mshindi. Mmoja anashika kijitabu na kusimulia: mmefika kijijini, kuna kilima, kuna tundu kwenye kilima, mwafanyaje? Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, anasema mtu wake anafanya nini. Likiwa ni jambo la hatari, dadu inasema kama limewezekana. Yule msimulizi tulimwita mwenye nyumba, kwa kuwa mambo yote ya mle yako mikononi mwake. Mwenye nyumba nilikuwa mimi, na wachezaji walikuwa dadangu na wasichana wawili wa jirani ambao sasa wote wameolewa Mombasa.

Nyanya aliziona dadu siku ya kwanza. Alikuwa amelala, au tulidhani amelala. "Ndoo nazo hapa," akasema, yaani njooni nazo, na tukampelekea. "Dadu ni haramu. Nyumba hini haziingii." Akazitia kwenye kasha lake na hazikuonekana tena mpaka leo. Dadangu akakaa akafikiri, kisha akakata vijikaratasi, akaandika moja hadi ishirini, akavikunja na kuvitia kwenye kikombe cha kahawa kisicho na mkono. Ukitaka kupigana na zimwi, unatia vidole kikombeni unatoa namba. Nyanya akatazama, akatafuta kosa, hakuliona. Baada ya siku chache ndiye aliyekuwa akiuliza akiwa kitandani, "Lile zimwi mwalifanyaje?"

Huwezi kufahamu mchezo ule ulikuwa nini kwetu kama hujui tuliishi vipi. Msichana akishavunja ungo, njia zake zilikuwa fupi: nyumbani, madrasa, skuli, nyumbani. Kaka zetu walikuwa wakienda Kiunga na kurudi na habari, wakilala mashambani Chundwa, wakichelewa bila kuulizwa. Sisi dunia yetu ilikuwa dari ya nyumba na mbingu juu yake. Kisha ukaja mchezo, na alasiri baada ya kufua tunatandika mkeka darini, na tukishakaa tu, tuko porini. Tumevuka mito. Tumelala kwenye mapango. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa urahisi ule, na nasema hivi nikiwa mtu niliyekwenda Hija na nikaiona nti ya watu ng'ambo ya bahari.

Sasa, kijitabu kiliandikwa na mtu ambaye hakuwa na habari na wasichana wa Amu. Kinaanza kilabuni, mashujaa wanakunywa pombe wakisikiliza uvumi. Dadangu akakataa mtu wake asiingie. Tukabishana mpaka nikakigeuza kilabu kuwa mkahawa wa kahawa chungu na kashata, ndipo akaingia. Alipoingia akataka kumsalimia kila aliyemo. Si salamu ya neno moja. Hujambo, watoto hawajambo, mama je ile homa imemwacha, mbuzi wamezaa? Mimi sina majina ya watu wa mkahawani, achilia mbali mbuzi wao, nikawa natunga huku jasho linanitoka. Wale wengine wawili wanapiga miayo. Lakini baadaye, tulipopotea porini, mtu aliyekuja kututoa alikuwa yule mwenye mama mgonjwa, kwa sababu ndiye mtu tuliyemjua. Jambo hilo halikuwamo kitabuni.

Alikuwa mganga, huyo mtu wa dadangu. Wenzake walikuwa na panga na shoka, yeye ana mkoba wa dawa na adabu zake. Tulipoua zimwi la kwanza akauliza kama tunalizika. Nikamwambia tuna haraka. Akasema haraka ya nini, lishakufa. Mjadala ukawa mkubwa, ikabidi tumpelekee nyanya, naye akasema zimwi halisaliwi lakini halitupwi njiani likanukia watu. Tukalifukia. Tukaendelea.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye mlango.

Ulikuwa mlango wa jiwe, chini kabisa ya jumba. Kijitabu kimeeleza vizuri namna ya kuuvunja: shoka, moto, au kulichokonoa kufuli. Nyuma yake, na hili nililijua mimi peke yangu, limekaa jitu peke yake, la zamani kuliko kijiji, na anayevunja mlango analikuta limekasirika. Wasichana wa jirani wakashika shoka. Dadangu akasema, "Hodi."

Nikasema mlango ni wa jiwe na humu ni pangoni.

"Nyumba ni ya nani?"

Nikasema hajulikani.

"Basi ina mwenyewe." Akabisha tena. Mimi nikatazama kitabu, kitabu hakina jibu, nikasema kimya. Akabisha ya tatu. Kimya. Akafunga mkoba wake wa dawa. Tulifunzwa sote madrasa moja: ukibisha mara tatu usijibiwe, rudi. Akamrudisha mtu wake hadi juu ya kilima, akamketisha mchangani. Wenzake wakamsihi, mimi nikapandwa na hasira nikamwambia hii ni hadithi tu, hakuna anayeandikiwa dhambi. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa ukiniudhi zaidi, "Mdogo wangu, mtu akinyamaza nyumbani kwake ana sababu."

Tulirudi kwenye mlango ule mara nyingi. Hodi, hodi, hodi, juu mchangani. Hakukubali uvunjwe. Kisha akaposwa, mambo ya harusi yakaingia, mkeka ukakunjwa, na mtu wake mganga akabaki ameketi juu ya kilima. Ukawa utani wetu wa maisha. Tukikutana Idi, tukikutana msibani, tukikuna nazi kwenye harusi za watoto wa watu, ananisogelea ananinong'oneza, "Ndani kulikuwa na nini?" Namjibu, "Vunja mlango ujue." Naye, "Sivunji nyumba ya mtu." Tunacheka, tunaendelea na nazi. Mara ya mwisho kuniuliza ilikuwa kabla mumewe hajafa.

Nami ningeliendelea kubisha hodi na kurudi hadi leo, kama si binti yangu. Yeye na wenziwe wawili wa skuli waliona kwenye simu watu wa ng'ambo wamezunguka meza wanacheza mchezo wa namna ile ile. Wakanieleza kana kwamba umezuliwa jana. Nikawaacha mpaka wakamaliza, kisha nikaenda chumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na magoti yangu yalilalamika, lakini boksi lilikuwapo, na kile kikombe cha namba ndani yake. Binti yangu akakitazama kijitabu kilivyogeuka rangi, akaniambia, "Mama, wewe?" Ndiyo, mimi. Sikuzaliwa nikiwa mamako.

Walitaka kwanza michezo mipya, waliyoisoma kwenye simu. Nikajaribu. Kabla hujapiga hatua moja umeshasoma wafalme, na vita vyao, na miungu ya watu, na mtu wako ana vipaji vingi kuliko unavyoweza kuvikumbuka. Wale wasichana walitumia alasiri nzima kutengeneza watu wao na hawakufika hata mlangoni. Nikawaambia wekeni simu. Kwa anayeanza, nipeni mimi hadithi ya zamani: kijiji kimoja, kilima kimoja, ramani inayotosha kiganjani, na nafasi nyingi ambazo kitabu hakikusema kitu. Nilipokuwa msichana nilidhani zile nafasi ni upungufu, kwa hiyo kitabu kikinyamaza nami nanyamaza. Sasa naona aliyekiandika alituachia mahali petu pa kukaa.

Nikawa nasoma kile kijitabu upya, jikoni, wali unaungua, nikafika kwenye mlango wa jiwe. Kimeeleza jitu litawafanya nini wavunjao. Hakikusema lolote juu ya wanaobisha hodi. Nikaepua sufuria, nikakaa chini. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu wetu, na kila siku nilikuwa nikimwendea dadangu kama mtu wa kumpa pole. Sikuwa nimemwendea kama mgeni hata mara moja.

"Kesho tunachezea daka la mama mkubwa wenu," nikawaambia wasichana. Binti yangu akasema daka ni la wanaume. Nikamwambia waje waniambie mimi.

Alasiri ya kwanza tukaketi, mimi benchi hili la mawe, wao benchi lile, kikombe cha kahawa katikati na ule mlango wa mbao ubavuni mwangu. Ndani ya mlango, katika nyumba hizi, kuna ukumbi mdogo uitwao tekani, na mtu akiwa tekani husikia kila linalosemwa daka. Nikasoma kwa sauti ya adhana. Mzee mmoja akapita na punda wake, akatoa salamu, akasema, "Leo daka limekuwa la akina mama?" Nikamwitikia salamu, nikamwambia nafasi ipo, lakini akikaa itabidi awe zimwi. Akampiga punda kidogo, akaenda zake. Ndani kimya. Tuliporudi nyumbani sikutaka kusemeshwa na mtu.

Alasiri ya pili wasichana wakaingia mkahawani. Wakasema "mambo" kwa watu wote mara moja, wakauliza hazina iko wapi. Nikaweka kijitabu chini. Nikasema, na kichwa nimekielekeza mlangoni, kwamba nilikuwa na mtu zamani, akiingia mkahawa huu hatoki bila kujua mbuzi wa kila nyumba wamezaa wangapi, na salamu zake ndizo zilizotutoa porini. Wasichana wakacheka. Nikasikia ndara. Zilikuja polepole juu ya sakafu ya tekani, zikasimama nyuma ya mlango. Binti yangu alizisikia pia, akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Tukacheza mpaka jua likaisha ukutani, na zile ndara hazikurudi ndani.

Asubuhi jirani akanipitia. "Sahani ya jana imerudi nusu," akasema. Nilimshika mikono yote miwili, masikini, na ilikuwa na unga.

Alasiri iliyofuata tukawa chini kabisa ya jumba. Nilikuwa na wasiwasi kuliko siku ya harusi yangu. Nikausimulia ule mlango wa jiwe taratibu, upana wake, baridi yake, vumbi la miaka mbele ya kizingiti ambalo hakuna mguu uliolikanyaga. Nikasema hakuna sauti ndani. Nikauliza, "Mwafanyaje?"

Nilitumaini, kusema kweli, kwamba mmoja wao atakumbuka malezi. Hakuna. Binti yangu ana mtu wa shoka, na damu yake ni yangu. "Navunja," akasema, na kabla sijamjibu ameshatia vidole kikombeni, ametoa kikaratasi, amekikunjua. Ishirini. Kwa sheria yetu, iliyowekwa na dadangu mwenyewe, ishirini haikataliwi. Wenziwe wakapiga makofi. Ilinipasa niseme mlango umevunjika, na neno hilo halikuwa likinitoka.

"Bisheni hodi kwanza."

Sauti ilitoka nyuma ya mbao, imekwaruza kwa kukaa bila kutumiwa. Wasichana wakageuka wote watatu. Binti yangu akanitazama, nami nikashindwa hata kumkonyeza kwa mato.

Lakini mtoto nimemlea, jamani, nimemlea. Akaweka kikaratasi chini, akajitanda leso yake vizuri, akaukabili mlango wa mbao.

"Hodi," akasema.

Kimya. Mtu akapita njiani, akapunguza mwendo, akaendelea.

"Hodi," wakasema wenziwe.

Kimya tena, na safari hii kilikuwa kirefu. Nikawa najiambia moyoni kwamba nikirudishwa leo, nitakuja kesho, na kesho kutwa, na boksi langu. Kisha nikasimama. Niliweka kiganja juu ya ubao, mahali ambapo mikono ya watu imeulainisha, na hodi ya tatu nikaibisha mimi.

Komeo likalia. Lilikuwa limekaza kwa kukaa, akalivuta mara ya kwanza likagoma, akalivuta tena. Mlango ukafunguka bawa moja na mwanga wa alasiri ukamwingia usoni, akafumba mato. Alikuwa amekonda, leso imemzunguka mara mbili. Mimi nilikuwa nalia na sikujificha. Akafumbua, akanitazama, akawatazama wasichana mmoja mmoja, akakitazama kikombe cha kahawa kisicho na mkono pale juu ya jiwe.

"Karibuni," akasema. "Na hilo shoka liwacheni nje."